Je, Unene ni Dhambi? Kilo Zako na Dhamiri Yako



Kila tunapofundisha mizizi saba ya dhambi kwenye semina za vijana, tukifika kwenye ulafi hutokea mambo mawili. La kwanza, watu wanacheka, na macho yote yanageuka kumtafuta kijana mnene kuliko wote humo ukumbini. La pili, kipindi kikiisha, kijana huyohuyo anakuja pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini: “Frateri, kwa hiyo mimi natakiwa kuungama huu mwili wangu?”

Swali hili linastahili jibu la kweli. Wapo wanaolikwepa kwa kusema, “Usijali, Mungu anaangalia moyo.” Wapo wanaolimaliza kwa maneno mawili, “Punguza kula.” Wa kwanza wanamwacha na shinikizo la damu, wa pili wanamwacha na aibu. Sisi tujaribu kwenda taratibu zaidi.

“Nani aliyetenda dhambi?”

Fungua Injili ya Yohane sura ya 9. Yesu na wanafunzi wake wanampita mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi hawaulizi jina lake wala hawaulizi kama amekula. Swali lao la kwanza ni hili: nani alitenda dhambi hata huyu akazaliwa hivi, ni yeye au wazazi wake? Wanatafuta wa kumlaumu, na mtu mwenyewe ameketi palepale, anasikia. Alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi.

Ndivyo tunavyofanya tukimwona mtu mnene. “Anakula huyo!” “Mvivu.” “Kwao ndivyo walivyo.” Tumeshaendesha kesi na kutoa hukumu kabla hajafika mlangoni.

Yesu anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Lakini usiishie hapo. Akampaka tope machoni, kisha akamwambia aende kunawa katika bwawa la Siloamu (Yn 9:6-7). Yule mtu hakusababisha upofu wake, na bado alikuwa na safari ya kutembea. Hakuna aliyembeba. Alikwenda, akanawa, akarudi anaona.

Naomba ushike mambo hayo mawili pamoja, maana mafundisho yote ya leo yamo humo: si kila hali niliyo nayo ni kosa langu, lakini karibu kila hali niliyo nayo ina Siloamu yake.

Kilo zinatoka wapi?

Tuanze na takwimu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 duniani walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na kiribatumbo, yaani unene wa kiwango cha kuhatarisha afya. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Kwa hiyo jambo hili limeshafika kwenye jumuiya zetu.

Shirika hilohilo linasema kiwango cha kiribatumbo kwa watu wazima kimeongezeka zaidi ya mara mbili tangu 1990. Hapo fikiri kama mwanafalsafa kidogo. Je, ndani ya miaka thelathini na kitu wanadamu wa mabara yote walipoteza nguvu ya utashi kwa pamoja? Haiingii akilini. Je, jeni zetu zilibadilika? Hapana, jeni hazibadiliki kwa haraka hivyo. Kilichobadilika ni dunia inayotuzunguka: chakula kinachouzwa, kazi tunazofanya, namna tunavyosafiri.

Kuna utafiti uliofanyika Marekani na kutolewa mwaka 2019. Watu 20 waliishi kwenye kituo cha utafiti. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida visivyosindikwa, vyenye sukari, mafuta na nyuzinyuzi kwa viwango vilivyolinganishwa. Waliambiwa wale watakavyo. Kwenye zile wiki za vyakula vya viwandani, watu walewale walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, na wakaongezeka uzito. Utashi wao ulikuwa uleule, sahani ndiyo iliyobadilika.

Sasa angalia maisha yetu. Chuoni, saa mbili usiku umetoka kipindi cha mwisho, hujala tangu asubuhi. Kilicho karibu na geto, cha bei unayoiweza na kinachoiva haraka, ni chipsi zege na soda. Kazini unakaa kutwa kwenye kiti, jioni unapanda boda mpaka mlangoni. Hukukaa chini ukaamua kunenepa. Umeishi tu kama wengine wanavyoishi.

Lakini mbona mwenzako wa chumba kimoja anakula hivyohivyo na bado ni mwembamba kama fimbo ya mchungaji? Hapo ndipo urithi unapoingia. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za uzito kati ya mtu na mtu inatokana na jeni. Zipo pia dawa zinazoongeza uzito, kwa mfano steroidi zinazotumiwa muda mrefu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Yapo magonjwa ya tezi na ya homoni. Kuna kukosa usingizi, kuna msongo wa mawazo. Na mtu akishapungua, mwili wenyewe unapigana kurudi ulikokuwa: homoni za njaa zinapanda, na matumizi ya nguvu mwilini yanashuka. Ndiyo maana wengi wanapungua halafu wanarudi palepale, kisha wanajiita dhaifu.

Mfano mmoja unanigusa zaidi. Majira ya baridi ya 1944-45, wakati wa vita, magharibi mwa Uholanzi kulikuwa na njaa kali. Miaka mingi baadaye, watafiti waliangalia vipimo vya vijana wa kiume waliofikisha miaka 19 na kuitwa jeshini. Wale ambao mama zao walipata njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na kiribatumbo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Njaa ya mama ikawa unene wa mtoto! Uliza sasa swali la wanafunzi: nani alitenda dhambi, kijana huyu au mama yake? Hakuna kati yao. Kama kuna aliyetenda dhambi, ni waliozuia chakula kisiwafikie watu.

Ulafi ni nini hasa?

Mwalimu wetu hapa ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Waandishi wa zamani wanamweleza kuwa mtu mrefu na mnene, na wanafunzi wenzake walimtania kwa jina la Ng'ombe Bubu, kwa ukubwa wa mwili wake na ukimya wake. Mwaka 1323 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na hakuna aliyemweka kwenye mizani kwanza.

Katika Summa yake (sehemu ya pili ya pili, swali la 148), Thoma anasema ulafi haumo katika chakula wala katika mwili. Umo katika tamaa isiyotawaliwa na akili. Halafu anataja njia tano za kuangukia ulafi, akimfuata Papa Gregori Mkuu: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai chakula kiandaliwe kwa udekezi wa hali ya juu.

Zihesabu vizuri. Kati ya njia tano, ni moja tu inayohusu wingi. Kijana mwembamba anayemgombeza dada yake kwa sababu mboga haina nazi yumo. Anayekopa ili apige picha kwenye mgahawa wa gharama yumo. Anayevamia sufuria kabla ya wazee kunawa mikono yumo. Hawa wote wanaweza kuwa na kilo hamsini na tano.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajalisikia. Thoma anasema mtu akila kupita kiasi kwa kudhani kwamba mwili wake unahitaji hivyo, bila kusukumwa na tamaa, huo si ulafi, ni kutokujua. Fikiria mtoto aliyelelewa kwa amri ya “maliza sahani, usichezee riziki”. Fikiria familia zilizoona ndugu wakikonda na kufa miaka ile UKIMWI ulipokuwa hauna dawa, mpaka leo mtu akipungua kidogo mtaa mzima unanong'ona. Kwa familia hizo, kushiba na kunawiri ni ushahidi wa uzima. Utamhukumuje mama anayemwongezea mwanae ugali kwa upendo?

Hata Biblia haisomi mwili kwa namna moja. Danieli na wenzake walikataa vyakula vya mfalme, wakala mboga na maji, na baada ya siku kumi walionekana wamenawiri na kunenepa kuliko vijana wengine wote (Dan 1:8-15). Kuhani Eli naye alikuwa mzee mzito (1Sam 4:18), lakini Mungu alipomkemea hakutaja kilo. Alikemea nyumba yake kwa kujinenepesha na sehemu bora za sadaka za watu (1Sam 2:29). Kosa lilikuwa kula kilichokuwa cha Mungu na cha wengine. Nabii Ezekieli anaisema Sodoma hivyohivyo: kiburi, shibe, na kutomshika mkono maskini (Eze 16:49). Kumbe ulafi ni shibe inayomsahau Mungu na jirani, na hiyo mizani haiipimi.

Kwa hiyo jibu la lile swali ni hapana. Mwili hauungamwi. Tunaungama matendo, maneno, mawazo na kutotimiza wajibu. Unene si kitendo.

Basi sina wajibu wowote?

Unao. Usikimbie haraka namna hiyo!

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anatumia mfano wa kipofu. Anasema hakuna anayemlaumu mtu aliyezaliwa kipofu au aliyepofuka kwa ugonjwa, huyo tunamhurumia. Aliyepofuka kwa ulevi ndiye anayelaumiwa. Na anasema vivyo hivyo juu ya mwili uliodhoofika kwa kutokufanya mazoezi na kutokujitunza. Ana hoja. Kuna sehemu ya maisha iliyo mikononi mwangu, na kujifanya haipo ni kujidanganya. Kitendo kinachorudiwa kinakuwa tabia, na tabia inakuwa kama asili ya pili.

Shida ni kwamba katika suala la uzito, sehemu hizo mbili zimechanganyika ndani ya mtu mmoja. Hata mwenyewe hajui jeni zinaishia wapi na soda zinaanzia wapi. Atajuaje jirani? Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1735) inafundisha kwamba lawama ya kitendo inaweza kupungua au hata kuondoka kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea, na mambo mengine ya kisaikolojia au ya kijamii. Katekisimu hiyohiyo (2288) inasema uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, tuzitunze ipasavyo, tukikumbuka mahitaji ya wengine. Na namba 2290 inataja fadhila ya kiasi, kwamba inatuepusha na kila aina ya kupita kiasi, katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa.

Lawama inatazama nyuma, wajibu unatazama mbele. Katika Kilatini, neno la kuwajibika linatokana na *respondere*, maana yake kujibu. Huenda sikuchagua mwili niliorithi, mtaa ninaoishi wala mapishi ya nyumbani. Lakini asubuhi hii Mungu ananiuliza, “Kwa hiki nilichokupa, utanijibu nini?” Hilo hakuna anayeweza kunijibia.

Na uzito si jambo la urembo tu. Kiribatumbo kinaongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, baadhi ya saratani na maumivu ya magoti. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19-20), na hekalu linalovuja linafanyiwa ukarabati. Halipigwi mawe.

Hapa Thoma anatusaidia tena. Anaposema juu ya kujinyima chakula (swali la 146), anaeleza kwamba kiasi na aina ya chakula kwa ajili ya afya ya mwili ni suala la utabibu, na namna moyo unavyokielekea chakula ni suala la fadhila. Kwa lugha yetu: kilo mpelekee daktari, moyo mpelekee padre. Ukizichanganya, utamwomba padre akupe lishe, na utamgeuza daktari kuwa hakimu.

Na sisi tunaocheka?

Turudi pale ukumbini. Mtu mmoja ni mnene, watu arobaini wanacheka. Hapo anayehitaji kitubio ni nani?

Yesu anasema wazi kwamba anayemtukana ndugu yake anastahili hukumu (Mt 5:22). “Bonge”, “tipwatipwa”, “kiti kitavunjika hicho”, mambo haya tunayaita utani. Lakini kuna dada ameacha kwaya kwa sababu sare haikumtosha na mshonaji akamchekesha mbele ya wenzake. Kuna kaka hafiki mazoezi ya mpira ya vijana, mahali ambapo mwili wake ungepata msaada, kwa kuogopa midomo yetu. Tumemfukuza kutoka kwenye dawa halafu tunamlaumu kwa kutopona. Na wengi tukishaumizwa tunajifariji kwa nini? Kwa chakula.

Yesu mwenyewe hakupona midomo hiyo. Walimwita mlafi na mlevi (Lk 7:34) kwa sababu alikaa mezani na watu waliodharauliwa.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Katekisimu (2289) inakataza kuuabudu mwili na kutoa kila kitu sadaka kwa ajili yake. Kijana anayejinyima chakula mpaka anazimia ili apate picha, anayejitapisha, anayenunua vidonge vya “kukata tumbo” mtandaoni, naye anahitaji daktari na kiongozi wa kiroho. Mungu wa kilo arobaini na tano ni mungu wa uongo kama alivyo mungu wa sahani.

Siloamu ya wiki hii

1. *Pima.* Nenda kituo cha afya upimwe shinikizo la damu, sukari, uzito na urefu. Kama unatumia dawa na umeona unaongezeka, mwambie daktari. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

2. *Anza na kitu kimoja.* Soda ya kola ya mililita 350 ina takribani vijiko 9 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku, kama vijiko 6. Kubadilisha soda ya kila siku kwa maji ni tendo dogo unaloliweza.

3. *Tembea.* Dakika 150 kwa wiki zinapendekezwa kwa mtu mzima. Shuka kituo kimoja kabla. Tembea na rozari mkononi, mafungu matano yanaisha njiani.

4. *Sali kabla ya kula, kwa kweli.* Kaa, zima simu, fanya ishara ya msalaba. Jiulize: nina njaa, au nina huzuni? Kama ni huzuni, mpigie mtu.

5. *Tunza Ijumaa.* Kila Ijumaa ni siku ya toba katika Kanisa. Kufunga si kukata kilo. Unachojinyima kimfikie mwenye njaa, la sivyo umebana matumizi tu.

6. *Tufanye pamoja.* Viongozi wa vijana, kwenye sherehe zetu kwa nini kreti za soda zisindikizwe na maji na matunda? Sare za kwaya zishonwe kwa miili tuliyo nayo. Na utani wa miili ukome leo.

Ukienda kuungama, acha kilo nyumbani. Jiulize: nilikula bila kumkumbuka mwenye njaa? Nilipuuza afya niliyokabidhiwa kwa makusudi? Niliucheka mwili wa mwenzangu? Niliudharau mwili wangu, ambao Mungu aliuumba? Yaseme hayo, upokee msamaha, kisha nyanyuka uende Siloamu.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyekula na wakosefu na kuwalisha wenye njaa, tazama miili yetu, minene na myembamba, mizima na migonjwa. Tuondolee aibu usiyotupa wewe, na utupe toba pale tunapoihitaji. Utujalie fadhila ya kiasi mezani na mdomoni. Uliyejitoa kwetu katika mkate, utufundishe kula kwa shukrani na kushiba kwa kushirikiana. Amina.

Niombee na mimi katika malezi yangu, nami nakuombea. Mungu akubariki.

Ni mimi ndugu yako katika Kristo,
Frateri